Sindano Isiyo na Tundu

9 Januari

Mpwa wangu Kifungo,

Nakuandikia juu ya meza ile ile uliyokulia chini yake, kwenye karatasi ya kukatia mitindo kama kawaida yangu, kwa hiyo ukiona mstari wa mgongo wa koti umepita katikati ya salamu, uruke. Sisi hatujambo. Mkaza mjomba wako naye hajambo, ila ana ugomvi na kuku wa jirani, ambaye ameamua kutagia kwenye kapu langu la vipande. Ugomvi wenyewe ni wa mdomoni tu, maana mayai anayala.

Barua yako ya uchumba niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikamsomea mwenzangu kwa sauti. Alipiga vigelegele mpaka jirani akaja mbio kuuliza kama kuku wake amechinjwa. Nimefurahi sana, mwanangu. Nimefurahi zaidi kusikia kwamba huyo bwana ni mwokaji mikate. Mtu anayeamka kabla ya jogoo ili wengine wapate kifungua kinywa hawezi kuwa na roho mbaya.

Sasa tuje kwenye gauni. Kitambaa cha marehemu mama yako bado kipo kabatini, ndani ya karatasi yake, na nondo hawajakionja. Dada yangu alikinunua wewe ukiwa bado unatambaa na kumeza vifungo vya makoti ya wateja wangu, akaniambia, "Siku yake ikifika, umshonee wewe, si mwingine." Kinatosha gauni moja tu. Hakina nafasi ya makosa, na kingine kama hicho siku hizi hakipatikani popote. Kwa hiyo nitumie vipimo vyako vyote mapema, hasa kifua, kiuno na nyonga, nianze kazi. Harusi ni mwisho wa Juni, na Juni haina breki.

Mengine ni ya kawaida. Kisigino cha mguu wa kulia kinaniuma kidogo. Si kitu.

Mjomba wako,
Fundi


27 Januari

Shikamoo Mjomba,

Mkaza mjomba naye mpe shikamoo yake, na kuku mwambie atage salama. Huku ni kazi tu. Nakaa mapokezi pale kliniki tangu asubuhi, naandikisha wagonjwa, najibu simu, nawaambia watu "daktari anakuja" hata kama sijui yuko wapi. Mwokaji hajambo. Kila jioni anapita kunichukua akiwa na mfuko wa vitu ambavyo havikununuliwa: mikate ya siagi, skonzi, keki za ndimu. Anasema kutupa chakula ni dhambi. Mimi namsaidia asitende dhambi.

Mjomba, nimesoma hiyo "si kitu" yako nikaogopa. Mwaka ule jino lilipokuvimba mpaka jicho likafunga, uliniandikia hivyo hivyo, "si kitu". Wewe hupendi simu kwa sababu kwenye simu huwezi kudanganya, sauti inakusaliti. Basi nimempigia mkaza mjomba. Ameniambia kwamba ukitoka kitandani asubuhi unapiga hatua za kwanza kama mtu anayekanyaga makaa, huku umeshika ukuta, na kwamba mguu wenyewe ndio ule unaokanyagia cherehani. Mficha maradhi, Mjomba, mwisho wake unaujua.

Mimi si daktari, lakini watu wa kisigino nawatambua wakiwa bado mlangoni. Hapa kwetu wengine wanatibiwa kwa sindano, wenyewe wanaiita akupancha. Ni sindano nyembamba kama unywele, hazina dawa ndani. Wanakuchoma mahali maalum mguuni, unalala kidogo, wanazitoa, basi. Siwezi kukutilia chumvi kwamba wote wanapona, ila wapo walioingia wakichechemea na baada ya wiki kadhaa nikawaona wanashuka ngazi bila kushika kitu. Na mkaza mjomba amenidokeza kuwa ghorofani, juu ya duka lako, amehamia daktari wa kazi hiyo hiyo. Mjomba, juu ya kichwa chako! Umechoma sindano maisha yako yote. Na wewe nenda ukachomwe.

Vipimo nitatuma. Tepu imepotea.

Mpwa wako,
Kifungo


16 Februari

Kifungo,

Sisi wazima. Kuku amemleta mwenzake, sasa wanataga kwa zamu.

Daktari wa ghorofani namjua. Ni binti mpole, aliniletea makoti yake meupe nimpandishie pindo, na adabu anayo. Lakini kuchomwa sindano na mtu ninayempandishia pindo, hapana. Sindano ni ya nguo, na nguo haina damu. Nikuambie siri usiyomwambia mtu: mimi na ufundi wangu wote, nikijichoma kidole nikaona damu yangu mwenyewe, lazima nikae chini.

Usihangaike na mguu, tumepata njia. Kwanza nilijaribu mguu wa kushoto. Ukakanyaga kinyume, gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika. Kwa hiyo sasa mkaza mjomba wako anakaa sakafuni, anasukuma pedali kwa mikono, na mimi huku juu naongoza kitambaa. Wapita njia wanasimama kutusikiliza.

"Endesha!"

"Naendesha!"

"Simama!"

"Nimesimama!"

"Hujasimama, sindano inakwenda!"

"Basi shuka wewe huku chini!"

Kwa njia hiyo tumeshona suruali ya mwalimu mkuu, ikatoka nzuri kabisa, isipokuwa mguu mmoja ulizibwa huku chini. Aliijaribu hapa hapa dukani, mguu ukakwama, akarukaruka mpaka barabarani mbele ya wanafunzi wake. Tangu siku hiyo anapitia upande wa pili wa barabara.

Gauni linaendelea vizuri. Kuhusu vipimo, usijisumbue tena na tepu, nimekuta vile vya gauni lako la mahafali, nilivyoviandika ukutani kwa penseli. Mtu akishakua amekua, habadiliki. Jumatatu ya kwanza ya Machi nakata.

Mjomba wako


24 Februari

Mjomba, shikamoo.

Usikate.

Nakuomba kwa heshima zote, usikate. Mkasi uweke mbali, ikiwezekana mpe mkaza mjomba aufiche. Sababu nitakuambia baadaye. Huku hatujambo, Mwokaji anakusalimu.

Kifungo

Usikate.


10 Machi

Kifungo,

Barua yako imefika, fupi kama kaptula. Sikukata. Lakini usingizi nao sikuupata.

Usijisumbue kuficha sababu, naijua. Kosa ni langu, nilikusimulia habari ya suruali ya mwalimu mkuu nikidhani utacheka. Wewe umeona mjomba amezeeka, mguu umeharibika, mkono nao utafuata, na kitambaa cha mama yako kitaishia kuwa foronya. Huenda umeshapata fundi huko huko, kijana mwenye cherehani ya umeme. Sema tu, mimi ni mtu mzima. Nilimshonea dada yangu sare yake ya kwanza ya shule, nikamshonea na nguo yake ya mwisho. Sikutegemea kwamba gauni la bintiye ndilo litakalonipita. Imeniuma, wala sisemi kisigino.

Mkaza mjomba wako anakusalimu. Kuku pia.

Fundi


20 Machi

Shikamoo Mjomba wangu,

Nimesoma barua yako hapo mapokezi nikalia mbele ya foleni nzima. Mgonjwa mmoja akanionea huruma, akaniachia nafasi yake nimwone daktari.

Nisikilize. Hakuna fundi mwingine, hayupo na hatakuwepo. Ni bora niolewe nimevaa gunia kuliko kumpa mtu mwingine kitambaa cha mama. Nataka gauni la mkono wako. Na nakutaka wewe mwenyewe, tuingie ukumbini umenishika mkono, umekanyaga kwa miguu yako yote miwili. Sitaki wageni waone umeshika ukuta kwa mkono mmoja na mimi kwa mwingine.

Sababu ya kukuzuia kukata ni nyingine kabisa. Suruali haimo. Kwa sasa siwezi kuisema, naona haya.

Unakumbuka nilivyokuwa nakataa dawa nikiwa mdogo? Kwa kila kijiko ulikuwa unanipa kifungo kimoja cha rangi, na unakaa kunitazama nisikimeze. Basi tufanye hivyo hivyo. Kila ukipanda ghorofani kwa sindano, nakutumia kipimo kimoja cha gauni. Hupandi, hupati. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema mkuu asiyesikia la mdogo huvunjika nini, ila naona wewe umeamua kutuonyesha.

Kifungo


8 Aprili

Kifungo uliyekosa adabu,

Hatujambo, na mimi ndiye ninayesema hivyo kwa shida. Nimekwenda. Nilipanda zile ngazi nikipumzika kila kona, mkaza mjomba wako yuko nyuma yangu. Hakuja kunisaidia, alikuja kuziba njia ya kurudi.

Chumba ni safi. Kuna kitanda chembamba chenye tundu la kuwekea uso. Kabla ya yote niliomba kukagua sindano, maana hiyo ndiyo fani yangu. Akafungua pakiti mpya akanionyesha. Kifungo, sindano haina tundu! Nikamuuliza, "Binti, uzi unapita wapi?" Akasema hakuna uzi. Sindano isiyo na tundu kwetu sisi mafundi ni msumari mdogo. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nilikuwa nimeshavua soksi. Nikakaa kitandani kwa ajili yako.

Akaniambia nilale kifudifudi, nilegeze mwili. Nikalala. Nikalegeza. Hapo hapo nikachomwa, tena kifuani! Na si sindano moja, ni nyingi kwa mpigo! Nikapiga yowe, "Nakufa! Mguu uko huku chini!" Wagonjwa waliokuwa wanasubiri nje wakatimua mbio, mmoja ameacha kofia yake. Nikageuka, nikamkuta yule binti amesimama kule kabatini, pakiti mkononi, anajifanya kushangaa. Anasema hajanigusa. Hajanigusa, na shati langu lina matone ya damu! Ilibidi nikae chini.

Sirudi kwa mtu anayechoma kifua cha mgonjwa wa kisigino, tena kwa mbali, sijui kwa ufundi gani. Nimetimiza ahadi yangu. Nitumie kipimo changu, na kiwe kiuno.

Mjomba wako


17 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Na pole. Barua yako nimemsomea Mwokaji, akaunguza keki.

Nina swali moja, nijibu kweli kweli. Ulipanda umevaa shati gani? Kwa sababu mimi niliyekulia chini ya meza yako sijawahi kukuona dukani bila pini kifuani. Unazichomeka hapo upande wa moyo, ukizihitaji unazichomoa bila kutazama. Nilipokuwa mdogo nikitaka kukukumbatia ilibidi kwanza nisubiri uzitoe.

Mjomba wangu, ulilala kifudifudi na shati la kazi. Umejichoma mwenyewe.

Yule daktari wa watu hana kosa lolote. Umemfukuzia wagonjwa, umemfanya aonekane mchawi, na kofia ya mtu imepotea kwa ajili yako. Nenda kamwombe radhi. Kwa kuwa hakuna sindano yake hata moja iliyoingia, hustahili kipimo. Ila kwa kukuonea huruma nakutumia urefu wa kidole changu cha mwisho: inchi mbili na robo.

Kifungo


2 Mei

Kifungo,

Tumeamka salama. Habari ya shati sitaki tuendelee nayo. Mkaza mjomba wako alicheka mpaka kuku wakahama kapu.

Nimerudi ghorofani nimevaa fulana. Nilimchukulia daktari koti jipya nililomshonea bila kuambiwa, na ile kofia iliyoachwa nikaipiga pasi. Alinipokea vizuri, akaniomba tu nigeuze mifuko kwanza nje ndani.

Safari hii nimechomwa kweli. Nilifumba macho, nikapiga moyo konde, nikamwambia, "Haya, anza."

"Nimeshaanza, Fundi," akasema. "Ziko nne tayari."

Nikafumbua jicho moja. Kifungo, sikuwa nimesikia kitu. Baadaye kidogo ukaja uzito fulani, kama mtu anavuta uzi taratibu ndani ya mguu, ukashuka mpaka kisiginoni ukatulia. Damu sikuiona. Shida yangu ilikuwa nyingine: nilipogeuza shingo nikaona safu imepinda. Tatu zimekaa sawa kwenye kigimbi, moja imetoka pembeni kabisa.

"Binti, hiyo ya pembeni isogeze. Mshono umekwenda upande."

"Mahali pake ni hapo, Fundi."

"Mteja hawezi kutoka nje na mshono kama huo."

"Mteja ni wewe."

Nikarudisha uso kwenye tundu, nikasinzia. Aliponiamsha alikuwa ameshazitoa zote, na mimi nimemwaga udenda kwenye lile tundu la uso. Siku iliyofuata kisigino kiliuma zaidi, nikamlaani kwa sauti, nikasahau kwamba yuko juu yangu na sakafu ni nyembamba. Akanijibu kutoka huko juu kwamba ni kawaida, kitatulia. Na kweli kikatulia. Wiki hii nimepanda tena. Ameniagiza pia kila asubuhi niegemee ukuta ninyooshe vigimbi, na nitupe viatu vyangu vilivyolika upande. Viatu mkaza mjomba wako amevitupa hata kabla sijamaliza kumsimulia.

Nimepanda mara mbili. Nataka vipimo viwili, kiuno na kifua.

Mjomba wako


12 Mei

Shikamoo Mjomba, na hongera!

Nimewasimulia wagonjwa wote, wewe sasa ni mfano hapa kliniki, ila habari ya shati nayo wameipenda. Vipimo vyako viwili hivi hapa. Shingo, inchi kumi na tatu na nusu. Kifundo cha mkono, sita na robo. Kiuno kitakuja kwa zamu yake.

Huku ni heri. Mwokaji ameanza majaribio ya keki ya harusi. Anaoka moja kila baada ya siku chache mpaka apate inayofaa, na mimi ndiye mwonjaji, kwa sababu anasema mwenyewe hawezi kujihukumu. Zipu ya sketi yangu ya kazi imeharibika, yenyewe tu.

Mjomba, hujakata, sivyo?

Kifungo


25 Mei

Mwanangu Kifungo,

Leo salamu zitasubiri. Asubuhi nimemsikia kuku anataga kwenye kapu huko dukani, nikaruka kitandani kwenda kumfukuza. Nimefika mlangoni, nimeshashika komeo, ndipo nikakumbuka kwamba nina mguu mbovu. Nikasimama pale pale. Nikarudi kitandani, nikajifunika, nikaamka upya polepole ili nione kama sikukosea. Kuna kiuchungu kidogo kama cha kiatu kipya, basi. Mkaza mjomba wako aliponiuliza kwa nini nalala na kuamka, nilimwambia asimame pale anitazame nikitembea.

Sijui ni sindano, sijui ni kuegemea ukuta, sijui ni viatu, au ni kukuogopa wewe. Daktari mwenyewe anasema vyote vimesaidiana. Ila nimekaa kwenye cherehani, nimekanyaga mpaka uzi wa bobini ukaisha, na nimeomba radhi kwa mwalimu mkuu na kumfumulia ule mguu wa suruali uliozibwa.

Sasa nikuambie ukweli. Hakuna gauni. Niliposema linaendelea vizuri nilikudanganya, na ile Jumatatu ya kukata ilikuwa maneno tu. Kitambaa hakijatoka kwenye karatasi yake. Nguo nyingine yoyote ningeibahatisha na mkaza mjomba wako chini ya meza, lakini kitambaa kile ukikitoboa mahali pasipo pake, tundu halifutiki. Mguu ukitetemeka na mshono unayumba. Kila nikifungua kabati nilikuwa namwona dada yangu ananitazama. Sikuthubutu, na kukuambia nako sikuthubutu.

Wiki zimebaki chache. Wewe nawe acha mchezo. Mkasi uko mkononi. Kiuno, Kifungo. Nataka kiuno.

Mjomba wako


2 Juni

Shikamoo Mjomba,

Kumbe hukukata! Nimeruka kwa furaha hapo mapokezi, nilipokaa tena kiti kikavunjika. Na kuvunjika kwa kiti kunatuleta kwenye jambo lenyewe.

Nimenenepa, Mjomba. Sisemi kidogo. Gauni la mahafali sasa linaingia mkono mmoja, na mkono wenyewe unalalamika. Ni ile mifuko ya jioni. Nilimwambia Mwokaji asilete tena, akaleta isiyo na sukari, nikaona kwa kuwa haina sukari naweza kula mara mbili. Uliponiandikia kwamba utakatia vipimo vya ukutani, niliona kitambaa cha mama kimekwisha. Nikashindwa kusema, kwa sababu tangu nikiwa msichana unamwambia kila mteja, "Huyu ana kiuno cha mama yake." Mimi mama simkumbuki. Kiuno hicho ndicho kitu chake pekee nilichoambiwa ninacho, na nimekipoteza kwa skonzi. Naona haya na naogopa kitambaa hakitatosha.

Kiuno, inchi thelathini na nane. Cha ukutani kwako, najua, ni ishirini na saba. Kifua, arobaini na mbili. Nyonga, arobaini na sita. Kama hakitoshi niambie, sitalia sana.

Tafadhali barua hii usiisome kwa sauti.

Kifungo


19 Juni

Kifungo, mwana wa dada yangu,

Uliandika mwishoni kwamba nisisome kwa sauti, na nilipofika mwishoni tayari walikuwa wameshasikia mkaza mjomba wako, jirani, na daktari aliyekuwa anashuka ngazi. Wote wanakusalimu.

Sasa funga mdomo uliojaa keki unisikilize. Kiuno cha mama yako siku ya harusi yake kilikuwa inchi thelathini na tisa. Mimi ndiye niliyempima, na yeye ndiye aliyenipiga kofi nilipokitaja mbele za watu. Dada yangu alikuwa mwanamke mnene, mzuri, akiingia mlangoni hata taa ilijua. Zile picha zake nyembamba unazoziona ni za shule. Niliposema una kiuno cha mama yako nilikuwa nakutakia, maana ulikuwa umekondeana kama uzi na mimi nilikuwa na wasiwasi nawe. Hukukipoteza, mwanangu. Umekipata juzi juzi tu.

Na kitambaa alikinunua kwa mwili wake mwenyewe. Nilikitandaza mezani, nikachora, nikapima tena, kikatosha bila kubaki isipokuwa kipande cha tai ya Mwokaji. Ningekatia vipimo vya ukutani leo tungekuwa tunakivika kidole chako cha mwisho. Kisigino ndicho kilichozuia mkasi. Sasa sijui nikishukuru au niendelee kukichoma.

Nimelishona lote kwa mguu wangu wa kulia, mkaza mjomba wako amekaa kwenye kiti kama binadamu wengine. Daktari alishuka kuliangalia. Nikamwonyesha mshono wa mgongoni, nikamwambia, "Safu iliyonyooka ndiyo hii." Akautazama sana, akauliza kama gauni limeshapata nafuu. Nimemwalika harusini.

Tunafika siku mbili kabla. Nitashuka garini mwenyewe, na ukumbini tutaingia pamoja, na nitakukanyaga pindo makusudi ili ujue mguu unafanya kazi. Ndani ya mishono nimeacha akiba pande zote mbili, kwa sababu Mwokaji bado yuko kazini.

Nimelia kidogo nilipokata uzi wa mwisho. Si kitu. Ni kitu, basi.

Mjomba wako,
Fundi

Usiogope kulivaa, pini zote nimezitoa. Nililitandaza kitandani, nikalilalia kifudifudi, nikalegeza mwili. Hakuna aliyepiga yowe.